Makoja Mbele ya Pikapu

Dararat alichagua tabo kubwa, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini ya pikapu, na tangu asubuhi mdogo wake hakumwacha apumue.

"Dada, hilo ni sufuria la harusi," alisema Prasong, akiizunguka pikapu. "Mpaka lianze kusukuma hewa, wenzetu wameshamaliza mbio za Jumapili, wako kwenye mishikaki."

"Tabo dogo linaamka mapema, sikatai. Lakini injini hii inakunywa dizeli. Moshi ukikosa njia ya kutokea, joto lote linarudi kwenye silinda. Wewe kazi yako kukanyaga mafuta. Kanyaga."

Alikuwa mkali kwa sababu aliogopa. Injini ile iliundwa na baba yao kwa mikono yake, kila tundu akilisugua mwenyewe, na leo alikuwa ametimiza siku mia tangu afariki. Silinda hedi, kichwa cha injini, ikipasuka kwa joto, mji mzima wa Nakhon Pathom hakuna wa kuitengeneza tena.

Mafundi wa mtaa mzima walikuja kushuhudia jaribio, kila mmoja na koja lake la asumini kwa ajili ya Mama Mlinzi, roho anayekaa ndani ya kila gari. Mama yao, Bualoi, aliyapokea na kuyatundika mbele ya pikapu kwa heshima zote.

Wakaifunga pikapu kwenye roli za kupimia nguvu, wakawasha feni kubwa mbele yake. Prasong akakanyaga. Tabo likapiga mluzi mwembamba, kisha mkali, na ganda lake la chuma likaanza kubadilika rangi: nyekundu iliyokolea, halafu chungwa, mpaka Dararat akaona kama chuma chenyewe kinataka kuwa mwanga. Alisahau kumeza mate. Kisha akakumbuka kipimo cha joto la moshi wa eksozi, kisichopaswa kupita mia nane. Mia nane. Mia nane na tisini. Mia tisa na ishirini.

"Zima! Prasong, zima!"

Roli zikanyamaza. Prasong akatoa kichwa dirishani. "Nilikwambia au sikukwambia?"

Dararat alichukua spana ili alifungue tabo lake la kiburi, na mkono ukagusa bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Akauvuta haraka, umeungua. Hilo halikuwa sawa. Hewa ya bomba lile ilikwisha kupita kwenye rejeta yake, inayoipoza. Ilipaswa kuwa vuguvugu tu. Akaenda mbele ya gari, akasimama.

Makoja kumi na sita, koja juu ya koja. Feni ilikuwa imeyakandamiza kwenye rejeta ya hewa, na petali zimejaa katika kila upenyo.

Kila fundi pale aliyaona, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono. Nani atamvua Mama Mlinzi maua yake, tena siku kama hii? Dararat alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, naomba ruhusa. Yanaziba pumzi."

"Nimeyapanga mimi."

"Najua, mama."

Bualoi aligusa koja la juu kwa ncha ya kidole. "Baba yako alikuwa akiyahamishia kwenye kioo cha ndani kila nikigeuka. Miaka thelathini nilidhani ananibishia tu." Akacheka, akafuta macho kwa kiganja, akaanza kuyatoa mwenyewe, moja baada ya jingine.

Dararat akatoa petali kwa brashi, mpaka ya mwisho. Wakasubiri chuma kipoe, kisha Prasong akakanyaga tena.

Tabo likawaka vilevile, chungwa tupu, likilia kwa sauti iliyotetemesha mabati ya paa na vifua vya watu. Lakini safari hii kipimo kilipanda mpaka mia saba na themanini, kikatulia. Moto wote ule ulikuwa unazunguka ndani ya kitu kilichotosha mikononi mwake, na ulikuwa unatii. Dararat aliona hofu na furaha vikimjaa pamoja. Nguvu iliyoandikwa kwenye skrini haikuwahi kufikiwa hata baba yao alipokuwa hai.

Prasong alishuka. Aliunganisha viganja, akainama mpaka ncha za vidole gumba zikagusa ncha ya pua yake, inavyopaswa kwa mwalimu. Kwenye gereji ile hakuwahi kumwinamia hivyo mtu yeyote isipokuwa baba yao.

"Jumapili nikanyage mpaka wapi, mwalimu?" aliuliza.

Dararat akamwonyesha kwa kidole pedali ya mafuta: mpaka chini kabisa.