Punje ya Kwanza

Egidi wa Matogoro alikuwa na mvi kidevuni, mke na watoto, lakini hakuwahi kufukia punje ya kwanza ya mahindi katika shamba lake mwenyewe. Kazi hiyo, kwa mila, ilikuwa ya kaka yake mkubwa, Kajetani. Tangu baba yao afariki, mvua zikianza Kajetani alikuja, akanywa kata ya pombe ya komoni, akafukia punje chache pembeni mwa shamba, akasema, "Haya, pandeni." Hapo ndipo nyumba nzima iliposhika majembe.

Mwaka ule watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua korosho, na Kajetani akaona utajiri huo usimpite. Akaenda Namasakata, huko Tunduru, na magunia yake matupu. Mvua zikaanza. Barabara ikawa tope, malori yakazama, Kajetani akabaki hukohuko.

Egidi akangoja. Majirani wakapanda, mahindi yao yakachungulia. Yeye kila asubuhi alisimama pembeni mwa shamba akitazama barabara kama mwali anayengoja posa.

"Wee Egidi!" jirani yake Hironimus alimpigia kelele. "Mwaka huu unapanda kwa macho?"

Nyumbani mkewe, Lidwina, hakumung'unya maneno.

"Baba Remmy, kaka yako asiporudi tutakula nini? Korosho?"

"Usimtakie mtu mabaya."

"Simtakii mabaya. Nauliza chakula."

Egidi akatoka nje. Aliogopa nini hasa? Si mizimu, maana kanisani alikaa benchi la mbele. Aliogopa uso wa Kajetani ukikunjamana. Yaani uso wa mtu mmoja ulikuwa umelalia shamba zima!

Akabeba mbegu, akaenda shambani, familia nyuma yake. Akachimba shimo, akadondosha punje, akafukia kwa mguu. Akasubiri kidogo. Mbingu haikuanguka.

"Haya, pandeni!" akanguruma, na sauti yake ikamfurahisha mwenyewe. Wakapanda mpaka viuno vikalia, na komoni ya Kajetani wakainywa wao.

Kajetani alirudi mahindi yakiwa yamefika magotini, akawakuta wakipalilia.

"Nani kaanza hapa?"

"Shikamoo, kaka. Nimeanza mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mvua. Na ya tumbo."

Uso wa Kajetani ukakunjamana kweli, tena vibaya kuliko Egidi alivyowahi kuuona. Egidi hakuteremsha macho.

"Basi mwakani usinitafute!"

"Sitakutafuta, kaka. Ila kula, karibu siku yoyote."

Kajetani akageuka, akaondoka akipiga teke madongo. Miaka yote, kaka akinuna, Egidi alimkimbilia na kuku kwapani kwenda kuomba msamaha. Lidwina akaegemea jembe lake, akamtazama mumewe.

"Leo hupeleki kuku?"

"Kuku anataga," Egidi akasema, akainama, akaendelea kupalilia.