Meza ya Shaba ya Mama Sophie

Kona ya karatasi ya shaba ilipasuka kabla soko la Sake halijajaa. Emérita alisimamisha nyundo, akageuza shingo kumtazama mwanawe Sophie aliyelala mgongoni mwake, kisha akaanza kupiga tena.

"Mama Sophie, unaipiga baridi?" Papa Habumugisha, mhunzi wa majembe, alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. "Shaba haiko bati ya nyumba! Tia kwanza ku moto mupaka ikuwe mwekundu, kisha umwangie maji. Pale njo itakusikia."

"Papa, Apollinaire anakuja leo."

"Njo maana usipasule na kona ingine."

Apollinaire alikuwa mtu wa ofisi ya usafi. Wiki iliyopita alipitisha kidole juu ya meza ya mbao ambapo Emérita huuzia chai ya maziwa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, akakunja uso. "Mbao inakunywaka uchafu. Weka métal. Métal njo inaoshwa. Siku ya soko nikikuta mbao, nafunga."

Akifunga, hupaka msalaba mwekundu juu ya meza, na rangi huingia ndani ya mbao. Meza ya Mama Drocella, jirani wa Emérita, ilikuwa na msalaba huo tangu Pasaka. Kuuondoa kwa randa ni kosa jingine. Wakubwa wa ofisi walikuwa wamebadilika mara mbili. Kopo la rangi lilikuwa lilelile.

Bila meza, Sophie hana uji, na mama yake hana ada ya masomo yake ya jioni.

Shaba yenyewe ilitoka kwenye tangi la kuchemshia maji la shamba la zamani, huko juu Karuba. Emérita alilipata kwa jogoo wake mmoja tu. Sasa alichomeka karatasi ile kwenye makaa, ikawa nyekundu, akaimwagia maji. Ikalegea kama nguo. Alipaka gundi kwenye mbao, Drocella akakandamiza kwa magoti, na Emérita akakunja kingo chini ya meza kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Kona iliyopasuka aliikunja mara mbili, isije ikakata vidole vya Sophie. Mwisho akasugua kwa ndimu na majivu mpaka akaona meno yake mwenyewe mezani, akacheka.

Apollinaire alifika na kopo lake. Aliinama, akatafuta mbao, akaikosa.

"Hii iko nini?"

"Métal, Papa. Vile ulisema."

Aligonga shaba kwa ukucha. "Hii iko cuivre. Cuivre iko minerai, madini. Uko na karatasi ya ruhusa ya minerai?"

"Yesu!" Drocella alipiga makofi. "Basi na sufuria ya mama yako iko mine ya madini? Enda ukamufunge!"

Wateja waliangua kicheko. Apollinaire akachovya brashi kwa hasira, akachora msalaba mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Imefungwa!"

Emérita aliutazama. Akilini aliona meza ya Drocella, aliona uji wa Sophie. Akachukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akapitisha mara moja. Rangi ikatoka yote. Kisha akasugua ndimu.

"Unafuta alama ya Leta, ya serikali?"

"Hapana, Papa. Ulisema métal njo inaoshwa. Naosha."

Apollinaire alichora tena. Emérita akafuta tena. Mara ya tatu brashi ilikwaruza chini ya kopo, ikaacha mstari mwembamba kama ukucha.

"Kesho nakuja na kopo ingine," Apollinaire alisema, bila kumtazama mtu.

"Karibu, Papa."

Drocella alivuta kiti, akaweka kikombe chake katikati ya meza, pale pale msalaba ulipokuwa. Emérita akamimina chai. Sophie aliamka mgongoni, akanyoosha mkono kuelekea kitu kinachong'aa.

"Drocella," Emérita alisema, "ukitoka, unipitie kwa wauza matunda. Uniletee ndimu."

"Ngapi?"

"Kapu."