Mtu Yeyote Mwenye Kimo Kifupi

Pale wizarani walimwita Bi Koma, kwa sababu mwandishi huyu wa sheria hakuwahi kuruhusu koma ikae mahali pasipo pake. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika upya kanuni za viti vya watoto kwenye magari. Kanuni ya zamani ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mtoto apakatwe kwa uangalifu." Bi Koma alikuwa na sababu ya kuuchukia mstari huo. Mpwa wake alipakatwa kwa uangalifu sana na mama yake mzazi, gari likafunga breki, na mpaka leo mtoto ana kovu kutoka nyusi hadi sikio.

Rasimu yake ilisema: "Mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka kumi na miwili na kimo chini ya sentimita mia moja thelathini na tano atakaa kwenye kiti cha mtoto chenye alama ya ubora." Kamati ilikutana mara kumi na tisa. Vikao vinne vilijadili kiti ni nini. Kikao kimoja kizima kiliishia kwenye swali la kama mtoto aliyesinzia anahesabiwa kuwa amekaa au amelala.

Katika kikao cha kumi na tisa, Mkurugenzi alivua miwani.

"Hii habari ya umri tuifute," alisema. "Askari barabarani atajuaje mtoto ana miaka mingapi? Atadai cheti cha kuzaliwa? Dunia nzima siku hizi wanapima kimo. Tubaki na kimo."

"Mkurugenzi, tukifuta umri, yanabaki maneno 'mtu yeyote'," alisema Bi Koma. "Na mtu yeyote ni mtu yeyote."

"Sasa Bi Koma, unamtafutia kuku meno. Kila mwenye akili ataelewa tunasema watoto."

"Sheria haisomwi na wenye akili peke yao, mheshimiwa."

Wajumbe wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza walipoona Mkurugenzi hacheki. Umri ukafutwa. Bi Koma akaomba pingamizi lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, likaandikwa hivi: "Mjumbe mmoja alitoa maoni." Kanuni zikatangazwa, zikiwa na sahihi kubwa ya Mkurugenzi chini yake, na kila kituo cha polisi kikapelekewa fimbo ya kupimia na viti vitano vya kuwaonyeshea wazazi.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, Mkurugenzi alikuwa akimpeleka mama mkwe wake kliniki ya macho. Mama mkwe huyo alikuwa mdogo wa umbo tangu ujana, na uzee ulikuwa umemkunja akapungua zaidi. Udogo wake, hata hivyo, uliishia kwenye umbo. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na minane, na mkwewe alikuwa hajawahi kumjibu bila kuinamisha kichwa. Alikaa nyuma pamoja na mjukuu wake wa miaka sita, aliyefungwa vizuri kwenye kiti kipya.

Kwenye mzunguko karibu na soko, koplo wa usalama barabarani akawasimamisha. Akachungulia, akasoma alama kwenye kiti cha mtoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha macho yake yakahamia upande wa pili, yakaganda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, samahani sana. Naomba ushuke kidogo nikupime."

Mkurugenzi akageuka ghafla mpaka mkanda ukamkaba. "Umpime nini? Huyu ni mama mkwe wangu!"

"Naelewa, mkuu. Lakini kanuni inasema mtu yeyote."

"Wewe, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, mheshimiwa. Jina lako liko chini ya tangazo. Nimelibandika mwenyewe kituoni, tunalisoma kila asubuhi kabla ya kuingia kazini."

Mama mkwe alikuwa ameshashuka. Alisimama wima kwenye fimbo ya kupimia aliyoishika koplo, visigino pamoja, kama alivyokuwa akiwasimamisha wanafunzi wake. Watu wa sokoni wakaanza kusogea. Koplo akainama kusoma, jasho likimtoka.

"Mia moja thelathini na moja, bibi."

"Na nusu," alisema mama mkwe. "Soma vizuri."

"Na nusu. Bado haifiki, bibi. Gari haliwezi kuondoka mpaka ukae kwenye kiti cha mtoto."

"Hebu nipe hiyo karatasi ya kanuni uliyoshika." Akaisoma yote kwa kuisogeza karibu na pua, maana ndiyo macho aliyokuwa akiyapeleka kliniki. Alipomaliza akamtazama mkwewe. "Baba, nani ameandika hiki kitu?"

Mkurugenzi akainamisha kichwa. "Kamati, mama."

"Kamati ya watu wazima?"

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna hata mmoja aliyesema kuna watu wafupi duniani?"

Hapo Mkurugenzi akakumbuka vizuri sana nani alisema. Angeweza kusema hakuna. Lakini mjukuu alikuwa akimtazama, na mama mkwe alikuwa akimtazama, na nusu ya soko ilikuwa ikimtazama.

"Alikuwepo mmoja," alisema kwa sauti ndogo.

Koplo alikimbia kituoni, akarudi na kiti cha kuinulia, kile cha chini kisicho na mgongo. Mkurugenzi akaanza kunong'ona kwamba atapiga simu, kwamba koplo atahamishwa mbali. Mama mkwe akamkatiza.

"Hutampigia mtu simu. Kijana anafuata ulichokiandika. Nipandishe."

Akapandishwa. Mkanda, ambao siku zote ulimkata shingoni hata akawa anauweka nyuma ya mgongo, sasa ukamkaa begani. Akajipapasa, akageuza uso dirishani. Gari lilipokwenda kama mita mia mbili hivi ndipo aliposema:

"Kumbe hapa pana maduka. Miaka kumi na moja mnanipakia, mimi naona mawingu tu."

"Bibi, na mimi niliyaona maduka jana!" alisema mjukuu.

Jumatatu asubuhi Bi Koma aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi. Video ya mama mkwe kwenye fimbo ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za wizara nzima, pamoja na ya mlinzi wa geti. Mkurugenzi hakuomba radhi, na wala hakumtazama usoni. Alisema kumetokea "upungufu wa kiuandishi" na urekebishwe haraka. Kilichochukua vikao kumi na tisa kuharibika kilichukua dakika tisa kutengenezwa: maneno yaleyale yaliyofutwa yakarudi mahali palepale. Bi Koma akaongeza kifungu kimoja, kwamba mtu mzima mfupi ataruhusiwa kutumia kiti cha kuinulia akipenda. Mkurugenzi alisimamisha kalamu kwenye kifungu hicho kwa muda, akapumua, akatia sahihi.

Wiki iliyofuata barua mbili zilitoka ofisi ya Katibu Mkuu wa wizara siku moja. Ya kwanza ilimpongeza Mkurugenzi kwa kushughulikia dosari kwa wepesi wa kupigiwa mfano. Ya pili ilimtaka Bi Koma aeleze kwa maandishi ni kwa nini aliruhusu dosari hiyo kupita.

Aliisoma mara mbili. Kisha akatoa nakala ya kumbukumbu za kikao cha kumi na tisa, akaiambatisha, na chini akaandika: "Mjumbe mmoja alitoa maoni. Mjumbe huyo ni mimi." Akaipeleka masjala kwa mkono wake, akasubiri mpaka ikapigwa mhuri.

Jioni alipita kwa dada yake. Mpwa wake alikuwa uani, akibishana na wenzake nani ameshazidi kimo cha kiti cha mtoto, kila mmoja akisimama kwa ncha za vidole.