Simu Iliyolia Kahuzi

Nilimpigia simu binti yangu saa nne asubuhi, na hilo ndilo kosa langu.

Laetitia alikuwa amenikataza. "Papa, nikishapanda msituni usinipigie. Ngoja nishuke." Kazi yake ni kufuata nyayo za gorila katika msitu wa Kahuzi, kule Kongo, na kuwafikisha wageni wakawaone. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, kabla sijakimbia vita nikaja Durban. Sasa nalinda magari South Beach.

Asubuhi hiyo Salvator, mlinzi mwenzangu wa mtaa huo, aliniambia, "Mzee Ruphin, kule kwenu wamepiga risasi tena. Redio imesema." Sikufikiri. Nilipiga. Simu iliita mara nne, ikakatika.

Baada ya muda mfupi akapiga yeye, anahema.

"Papa, ni wewe umepiga?"

"Ni mimi. Nimesikia risasi..."

"Risasi gani! Tulikuwa tumefikia dume, hatua kumi tu, anakula. Simu ikalia mfukoni, akatushukia. Nimekimbia, Papa."

Hilo ndilo nililomfundisha kwanza: dume akija, hukimbii. Unachuchumaa, unaangalia chini, unatafuna majani, unakoroma kooni taratibu mpaka aone huna ubaya.

"Na mgeni?"

"Ameanguka. Dume amesimama karibu naye. Mimi nimejificha kwenye mianzi. Mke wa mgeni alichoka kupanda, Dominiki mwenzangu alibaki naye kule chini." Akashusha sauti. "Dume hajaniona. Naweza kuteremka kwa kufuata mto nimwite Dominiki. Nishuke?"

Mgeni hajui kitu. Akiachwa peke yake atainuka akimbie, na dume atamkamata kwa meno. Nimewahi kuona mtu aliyekamatwa hivyo. Lakini huyu ni mtoto wangu wa pekee, na nilishafungua mdomo nimwambie shuka. Teksi ikapiga honi mbele yangu, mpiga debe anapayuka "Town! Town!" Nikaziba simu kwa kiganja mpaka ikapita.

"Rudi," nikasema.

"Papa!"

"Panga lako uliache hapo, dume asilione. Rudi ukitambaa, uingie kati yao. Mgeni atambae kinyumenyume, polepole. Wewe ukae."

"Wewe ulikimbia mpaka Durban, halafu mimi ndiye nirudi?"

"Ndiyo. Rudi."

Alicheka, au alilia, sikujua.

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka dume aondoke mwenyewe. Zima simu."

Akazima.

Nilichuchumaa kati ya magari mawili. Nilianza kukoroma bila kukusudia, kama vile angenisikia. Salvator akaja mbio.

"Eish, mzee, inuka! Wenye magari watasema umelewa."

"Waseme."

Salvator akalinda upande wake na wangu. Jua likapanda, koti langu la njano likalowa jasho. Saa saba Dominiki akapiga. Tulifanya kazi pamoja zamani.

"Ruphin, mgeni amefika kwetu. Amechubuka magoti tu."

"Laetitia?"

"Mgeni anasema alimwacha amekaa mbele ya dume, anatafuna majani. Walinzi wa msitu wamepanda kumtafuta. Iko mvua kubwa huku, nyayo zinafutika."

"Amemwacha saa ngapi?"

"Saa tano hivi."

Dume anaweza kukaa kwa muda wa saa mbili. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa mbele yake muda huo. Tangu nilipopiga zimepita saa tatu; hizo sijawahi.

"Usimpigie, kaka," Dominiki akasema. "Kama aliiwasha tena simu ile atuite, na dume bado yuko pale..."

"Najua."

Alipokata, namba ya Laetitia ilikuwa pale kwenye kioo, na kidole changu kilikuwa juu yake. Nikamwita Salvator, nikampa simu.

"Ishike. Wakipiga wao, nipe. Nikikuomba mimi, usinipe hata nikikutukana."

Akaitia mfukoni. Nikachuchumaa tena.

Saa tisa nilimtukana.