Vipande Vitatu vya Karatasi

Kila asubuhi Baba huwasha redio kabla hajanawa uso, nami huchochea moto nikimsikiliza anavyoifuata kwaya kwa mluzi. Jumatatu ile kwaya ilianza kukoroma. Baba akaacha mluzi, akaipeleka redio barazani, akaifungua kwa bisibisi. Karatasi ya spika ilikuwa imebanduka kwenye ukingo wake wa mpira.

"Glory, lete supagluu."

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nirudi Bumbuli kutoka chuoni, nilikosomea ufundi wa redio na simu. Jioni hiyo Baba angempigia simu baba mdogo Edgar, aliyenipatia kazi ya kuuza dukani Tanga mjini, kumwambia ninakuja. Sikutaka kwenda, na sikuwa nimemwambia mtu.

Hata kwamba supagluu haifai kwenye spika nilishindwa kusema. Kwa supagluu Baba ameunga viatu, jagi, hata miwani yake, ningeanzaje kumkosoa? Nikamwambia nitaitafuta, na alipokwenda kuchuma chai nikakata vipande vitatu vya karatasi ngumu, nikabandika kila kimoja kwenye mpira wa tyubu kuukuu: cha kwanza kwa supagluu, cha pili kwa gundi nyeupe ya mbao, cha tatu kwa solusheni ya kuzibia pancha. Nikavianika karibu na jiko, maana ukungu ulikuwa haujaondoka.

Mchana Baba alirudi na kikapu chake cha chai. "Huu ndio mtihani wa chuoni?"

"Vikunje, Baba."

Cha kwanza kilivunjika. Cha pili kikaachia mpira. Cha tatu kilikunjika, kikanyooka tena.

"Spika hutetemeka muda wote," nilisema nikitazama miguu yangu. "Gundi ikikakamaa, karatasi inapasuka."

Baba aliiweka kando supagluu. Alipaka solusheni kwa unyoya wa kuku, nyembamba, pande zote mbili, halafu akakaa tu.

"Mbona hubandiki?"

"Solusheni haitaki pupa. Mpaka iache kunata kidoleni."

Hilo chuoni hatukufundishwa. Vidole vile vilivyokomaa kwa kuchuma chai vilizungusha karatasi mahali pake bila kuikunja hata kidogo.

Jioni kwaya iliimba safi, besi na sauti zote. Baba akapiga mluzi ubeti mzima, kisha akachukua simu, akaishika bila kubonyeza.

"Karatasi zako zimeshasema, mama. Wewe je?"

"Sitaki kwenda Tanga, Baba. Nataka meza yangu ya ufundi, hapa hapa sokoni."