Siku Kumi na Tisa

Kija Maduhu aliiona kazi ile kwenye ubao wa matangazo wa kitivo, karatasi moja yenye muhuri katikati ya matangazo ya vyumba vya kupanga. Mradi wa utafiti ulitaka wanafunzi sita kwa likizo ndefu ya mwaka 2003, wanaojua kompyuta na wasioogopa kutembea. Mahali ni Wilaya ya Kilosa, na malipo yapo. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kazi yenyewe ni kuwahoji watu waliofiwa.

Wenzake walisoma mpaka mstari huo wakaondoka zao. Kija alibaki pale. Kilosa kulikuwa kwao. Baba yake alihamia Zombo na ng'ombe wake akitokea Shinyanga, Kija akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Na yeye mwenyewe alikuwa mfiwa. Mama yake, Katarina, alifariki mwezi wa Februari, wakati Kija yuko Dar es Salaam katikati ya mitihani, na habari ilimfikia mazishi yamekwisha kupita. Alipofika nyumbani baba yake alimwambia ilikuwa homa ya siku mbili tu, ya ghafla, hata wao hawakuwahi kugeuka. Kija alilia siku nne, akarudi chuoni, akamalizia mitihani iliyobaki.

Mwezi wa Julai yeye na wenzake watano wa mradi walifikia Mikumi, kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, malori yakipita mbele kutwa. Daktari Magreti, kiongozi wa mradi, aliwagawia kila mmoja kompyuta ndogo ya kushika kiganjani pamoja na kalamu yake ya plastiki. Wengi wa watu wa wilaya ile, aliwaambia, wanafia nyumbani, na hakuna popote panapoandikwa wamekufa kwa nini. Serikali inapeleka dawa kwa kubahatisha. Basi wao wataingia nyumba kwa nyumba, watauliza dalili, na kompyuta itasaidia kutambua ugonjwa.

"Kuna kanuni mbili," alisema. "Hakuna anayehoji kwao. Na maneno ya mfiwa hayatoki. Jina linafutwa, inabaki namba. Mkivunja hilo, hatuna kazi."

Kija aliipenda kazi kuliko alivyotegemea. Alikuwa na utulivu wa kukaa na mtu anayelia bila kumharakisha wala kumnyamazisha. Wiki ya pili alikwenda kwenye boma la wafugaji nje ya Mikumi, kwa mwanamke kijana aitwaye Nkoile, aliyejua Kiswahili kwa sababu ya kuuza maziwa mjini. Nkoile alikuwa amefiwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili.

"Jina la marehemu?" Kija aliuliza, maana kompyuta haikukubali kuendelea bila kujaza nafasi hiyo.

Nkoile akatikisa kichwa. "Kwetu aliyekufa hatajwi."

Kija akaandika namba. Akamweleza kwamba hata wale waliotajwa majina yao yanafutwa baadaye.

"Hapo hiyo mashine yenu ina adabu," alisema Nkoile.

Alijibu swali baada ya swali: homa, kikohozi, degedege, siku ngapi. Walipofika mwisho, mahali mfiwa anaposimulia kwa maneno yake mwenyewe, alichungulia nje kuona kama Koileken, mume wake, yuko karibu. Hakuwepo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba siku ile mtoto aliamka na joto, naye akamwacha na bibi yake akaenda kuuza maziwa, akijua. Mumewe anaamini alikuwepo nyumbani tangu asubuhi.

"Maneno haya yanakwenda kwa nani?"

"Hayatoki, mama," Kija alimjibu. "Nakuahidi."

Sentensi hiyo alikuwa ameshaisema zaidi ya mara arobaini, na kila mara aliimaanisha.

Kata ya Zombo alipewa Casmir, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kijana mpole asiyependa makundi. Kija alijua kwamba nyumba ya kwao imo kwenye orodha. Casmir aliporudi kutoka huko alikuwa mkimya kuliko kawaida yake, na mezani alimsogezea Kija bakuli la mboga bila kumwangalia. Kija hakuuliza. Homa ya siku mbili, alijiambia. Kuna nini cha kuuliza.

Kila Ijumaa mchana kompyuta zote ndogo ziliunganishwa kwenye moja kubwa, kumbukumbu zikahamia huko, na Kija, aliyekuwa na jicho la kuona makosa, alipewa kazi ya kuzikagua. Za Zombo alizikagua Daktari Magreti mwenyewe. Lakini Ijumaa ile daktari aliitwa Morogoro ghafla, akaondoka na kuacha faili lote wazi.

Kija alikagua za kata ya Chanzuru, akakagua za Mikumi. Chini yake zikafuata za Zombo. Hazikuwa na majina. Ya tano ilihusu mwanamke wa miaka arobaini na saba, aliyefariki Februari, Mkristo, mama wa watoto watano. Alichopaswa kufanya alikijua. Alikaa na mkono juu ya kibodi mpaka chai yake ikapoa, kisha akaifungua.

*Siku za ugonjwa: 19.*

Alidhani Casmir amekosea kuandika. Akasoma chini, kwenye maelezo ya mfiwa.

*Alikataa mtoto aliye chuoni aambiwe, ana mitihani. Aliniapisha. Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli, akapewa vidonge. Siku ya kumi na sita akaanza kumwita mtoto kwa jina. Nilikwenda Mikumi kumpigia simu. Nilisimama kwenye kibanda cha simu, nikarudi bila kupiga. Nilimwambia mke wangu nimepiga, mtoto yuko njiani.*

Kija alisoma tena. Halafu akaifunga kompyuta, akatoka, akasimama barabarani kutafuta gari la Kilosa.

Zombo, Mzee Maduhu alikuwa uani, anaanika mahindi kwenye turubai. Alifurahi kumwona, akafuta mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukutuma salamu kwamba unakuja?"

"Mama aliumwa siku ngapi?"

Mzee akainama, akaokota punje zilizoruka nje ya turubai. "Nilishakuambia."

"Kumi na tisa, baba. Aliniita. Na wewe ukafika mpaka kwenye simu ukarudi."

Alikuwa mzee mrefu, ambaye Kija hakuwahi kumwona akitafuta mahali pa kukaa. Sasa alikaa chini, juu ya mahindi yenyewe.

"Nani amekuambia?"

Kija akaitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

"Hilo la simu sijalisema kwa ndugu zangu. Sijalisema kwa padri. Nimemwambia yule kijana peke yake, na nimemwambia kwa sababu alisema maneno haya hayatoki. Alisema anaahidi."

Kija alisikia sentensi yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa baba yake. Alikuwa amekuja na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo, lakini sasa hakujua aishikeje.

"Kwa nini hukupiga?" aliuliza.

Mzee aliyatazama mahindi. "Rudi kazini kwako," alisema.

Kesho yake asubuhi Mzee Maduhu alipanda baiskeli akazunguka Zombo. Hakusema siri yake. Alisema tu kwamba vijana wa mradi hawana kifua. Ilitosha. Jumatatu Casmir alipokwenda kumaliza nyumba kumi na sita zilizobaki, hakukaribishwa hata moja. Bibi mmoja alimwambia amwache na marehemu wake. Mwenyekiti wa kitongoji akaja Mikumi kulalamika, na Daktari Magreti akamwita Casmir chumbani kwake.

Kija aliwasikia akiwa ukumbini.

"Ulimwambia nani?" aliuliza daktari.

"Sikumwambia mtu."

"Yule mzee anasema ni wewe uliyemhoji, na maneno yake yametoka."

"Ndiyo, ni mimi niliyemhoji."

Kija alijua kwamba Casmir ameshaelewa, maana hakuna mwingine ambaye maneno yale yangemfaa kwa lolote. Angeweza kumtaja. Hakumtaja. Kija akafungua mlango bila kubisha hodi.

"Ni mimi, daktari. Nilisoma faili."

Daktari Magreti alivua miwani. Hakufoka. Alimuuliza kama alifungua kwa makosa, na Kija alitambua kwamba anafunguliwa mlango wa kutokea. Akasema hapana, alijua ni ya nani kabla hajaifungua.

"Nilikosea kuliacha wazi," alisema daktari. "Hilo ni langu, nitalijibu. Lakini siwezi kukubakiza. Ungekuwa wewe, ungemrudisha mtu huyo kwenye nyumba ya mwanamke aliyemwamini?"

Kija akamfikiria Nkoile akichungulia nje ya nyumba yake. "Nisingemrudisha," alisema.

Alipakia nguo zake. Casmir alimbebea begi mpaka kituoni, wakakaa kwenye benchi la mama muuza machungwa.

"Nisamehe," Kija alisema.

"Nilikaa na baba yako kwa muda wa saa tatu," Casmir alimwambia. "Mambo mengi sikuyaandika. Kompyuta haina nafasi, na mengine hata nafasi ingekuwepo nisingeyaandika. Nilipotoka nilikaa porini nikalia, kisha nikaja kula na wewe meza moja." Alimenya chungwa taratibu. "Nilikuwa najiuliza ningefanyaje kama mama ni wangu. Bado sijui."

"Alikuambia kwa nini hakupiga?"

"Muulize mwenyewe, Kija. Mimi niliahidi."

Nyumba kumi na sita za Zombo hazikuhojiwa kabisa. Ripoti ilipotoka mwaka uliofuata, kata ile ilikuwa na maelezo ya mstari mmoja kwamba takwimu hazikukamilika. Hata alipokuja kuwa mtafiti mwenyewe, na wanafunzi wake mwenyewe wa kuwalipa wakati wa likizo, Kija hakuweza kuipita kata hiyo kwenye jedwali lolote bila kusimama.

Lakini wakati ule alirudi nyumbani, kwa sababu likizo ilibakiza wiki sita na hakuwa na pengine. Yeye na baba yake walisalimiana kila asubuhi kama inavyopasa, wakala pamoja, wakazungumza habari za ng'ombe na mbaazi. Zaidi ya hapo hakuna. Ndugu zake wadogo walikwenda shuleni, nao wakabaki wawili uani wanapukuchua mahindi, kila mmoja na kirundo chake. Kija alijaribu kumwomba radhi mara mbili. Mara zote mbili baba yake alimtuma kitu.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, wanakaribia kumaliza, ndipo Mzee Maduhu alipoanza kusema bila kuulizwa. Alisema kwa Kisukuma, lugha aliyozungumza na mkewe, huku mikono ikiendelea na kazi.

"Yule binti wa kibanda cha simu nilimpa karatasi yenye namba ya chuo chenu. Akaniuliza, mzee, nibonyeze? Nikamwambia ngoja. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia. Nikisema mama yako anaumwa, utaacha mitihani. Nikisema usije, basi nimepiga ya nini? Na nilimwapia mama yako, akili zake zikiwa timamu. Sasa hayuko timamu, anataka kingine. Nimsikilize Katarina yupi? Watu wakajipanga nyuma yangu. Nikachukua karatasi yangu."

Kija aliacha kupukuchua.

"Nilipofika hapa akauliza, umempata? Nikasema nimempata, anakuja. Nilidhani atatulia alale. Hakulala. Akauliza, amefika wapi? Nikasema amepanda basi. Baadaye akauliza tena. Nikasema amefika Chalinze." Alitupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi jingine. "Siku tatu, Kija. Nikaharibu basi lako Morogoro, ukalala kwa watu, nikatafuta na jina la hao watu. Kesho yake nikakupitisha mbugani. Alitaka kujua kama umeona tembo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia umeona wengi. Alifurahi. Nikakuteremsha Mikumi, nikakukosesha gari la Kilosa kwa kuwa nilikuwa naogopa ukifika. Ningefanyaje ukifika? Lakini alikuwa anaishiwa nguvu, ikabidi nikupandishe."

Kuku walikuwa wameingia kwenye turubai. Hakuna aliyewafukuza.

"Nilifika wapi, baba?" Kija aliuliza.

"Ulishashuka. Ulikuwa unakuja kwa miguu, umefika mtoni. Akauliza kama maji ni mengi, maana mwezi wa pili ule mvua ilikuwa imenyesha juu. Nikamwambia si mengi, unavuka na viatu mkononi." Mzee aliliweka hindi chini. "Hakuuliza tena."

Kija alisogea, akahama kutoka kwenye kirundo chake, akakaa kando ya baba yake kwenye turubai. Hakumshika mkono, hawakuwa watu wa namna hiyo. Alichukua hindi kutoka kwenye rundo la mzee, akalibana kati ya viganja, na punje zikaanza kuanguka.