Chale za Mama Kwenye Pakiti

Bernadeta anakaanga korosho nyumbani kwake Boko, na korosho zake, wallahi, ukionja moja umekwisha. Lakini miaka mitatu aliziuza kwenye vifuko visivyo na jina, huku akibembeleza nafasi madukani. Sasa duka kubwa la Mbezi Beach limekubali kumpa nafasi kwenye rafu zake, sharti awe na nembo.

Akaenda kwa Lusungu, mchoraji wa kompyuta, akampa picha ya mama yake iwe ndiyo nembo: Mmakonde wa Newala, chale mashavuni na kwenye paji la uso, anacheka.

Kesho yake Lusungu akamtumia kazi kwenye simu. Jamani! Mashavu laini kama sahani. Chale zote kafuta, na weupe kaongeza. Bernadeta akamfuata kazini kwake.

"Nimemsafisha kidogo, sista," alisema Lusungu, anasubiri kushukuriwa.

"Kwani alikuwa mchafu?"

Lusungu akacheka. Alipoona mwenzie hacheki, akazirudisha chale, moja baada ya nyingine, na pakiti zikachapwa hivyo.

Bernadeta akazipeleka dukani kwa meneja, Adelard. Korosho alizipenda, akajaza kiganja, akatafuna. Kisha akaigeuza pakiti, akakunja uso.

"Dada Bernadeta, tusifichane. Hizi chale zitawatisha wateja. Watu wa hapa wanataka kitu cha kisasa. Huna picha nyingine?"

Anayo. Ile ya mashavu laini imo kwenye simu, na simu iko mkononi. Ukweli usemwe, alishawishika, maana kuitoa ni kazi ya sekunde moja tu. Wahenga walishasema mkataa kwao mtumwa, lakini wahenga hao hawakuwahi kubembeleza nafasi dukani miaka mitatu. Akamtazama mama yake pale kwenye pakiti, anawachekea wote wawili. Hasira zikampanda.

"Ninayo," akasema. "Na siitoi."

"Basi nafasi atapewa mwingine."

"Mpe! Mama yangu alichanjwa chale hizi kwa kisu, binti wa miaka kumi na mbili, na hakutoa chozi. Leo mie ndiye nilie kwa ajili ya rafu?"

Akazikusanya pakiti zake mezani, pamoja na ile ambayo meneja alikuwa bado anatafuna korosho zake.